Mwaka 1985 Katika Picha za Sinema: Zilizotufaa na Zilizotuvunja Moyo

Utangulizi

Mtu atazamapo picha ya sinema hukaa gizani, na mwanga wote huwa mbele yake. Hali hiyo peke yake yatosha kumfanya aamini anachokiona. Msomaji wa kitabu aweza kukifunga kitabu chake, akafikiri, kisha akarudi kwenye ukurasa uliomtia shaka. Mtazamaji wa sinema hana nafasi hiyo. Picha hupita, kicheko hupita, na kilichoingia moyoni huwa kimekwisha ingia. Ndiyo maana historia ya utamaduni wa taifa lolote la zama hizi haiwezi kukamilika bila kuzitazama picha ambazo wananchi wake walizitazama, walizozipenda na walizozichekea.

Katika insha hii tunakusudia kuurudia mwaka mmoja tu, mwaka 1985, na kuzipima picha chache zilizotolewa mwaka huo. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, ulikuwa mwaka wa mia moja tangu Mkutano wa Berlin kumalizika, Februari 1885, mkutano ambamo mataifa ya Ulaya yaliwekeana masharti ya kuligawana bara letu. Pili, ulikuwa mwaka wa hamsini tangu sinema ianze kutengenezwa kwa mpango maalumu katika ardhi ya Tanganyika, kama tutakavyoeleza. Tatu, mwaka huo sisi wenyewe tulikuwa wanafunzi wa sekondari, umri ambao macho ya mtu huwa bado mapya na kilichoandikwa juu yake hakifutiki upesi.

Yafaa msomaji ajue mapema kwamba picha hizi hatukuziona zote katika mwaka huo. Siku zile fedha za kigeni zilikuwa adimu, na picha iliyotazamwa London mwezi Disemba yaweza kutufikia sisi baada ya miaka miwili, filamu yake ikiwa imekwaruzika kama uso wa ndui. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Kanda za video ndizo kwanza zilikuwa zinaingia katika nyumba za wenye uwezo. Kwa hiyo mwaka 1985 tunaousimulia ni mwaka wa kutengenezwa kwa picha. Macho yetu yaliufikia polepole, nyingine shuleni, nyingine katika jumba la sinema la mjini, na nyingine utu uzimani tulipokwisha kuwa watumishi wa serikali.

Mizani ya kupimia

Ili tusihukumu kwa kupenda na kuchukia tu, tumejiwekea maswali manne. Je, mwenye hadithi ni nani? Je, watu wa hadithi hiyo wanasema kwa lugha gani? Je, mtu mnyonge aliyemo ana jina, ana akili, ana neno lake mwenyewe? Na je, kazi yenyewe imefanywa kwa ustadi? Swali la nne tumeliweka makusudi, kwa sababu nia njema haimfanyi mtu kuwa fundi. Picha yaweza kusema maneno yote ya haki na ikawalaza watazamaji usingizi. Hali kadhalika, picha yaweza kupendeza mno na ikawa imebeba dharau ndani yake, kama kikombe kizuri chenye maji machafu.

Hamsini kabla: Vugiri, 1935

Mnamo mwaka 1935 yalianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, majaribio ya kuwatengenezea Waafrika picha za sinema za mafunzo. Fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na wakuu wa kazi hiyo walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi majaribio yalipokwisha mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa picha fupi 35. Ziliwahusu wakulima na wafugaji, kodi, ngozi, kahawa, ugonjwa wa safura na mambo mengine ya namna hiyo. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusema lugha mbalimbali kila ilikopelekwa katika Afrika Mashariki na ya Kati.

Mojawapo ya picha hizo ilihusu benki ya akiba ya posta. Mtu mmoja alizika fedha zake ardhini zikaibwa, na mwenzake aliyeziweka posta akafaidika. Fundisho lenyewe halikuwa baya, wala hatutaki kuwadhihaki waliolitoa. Tena wenyeji ndio waliocheza katika picha hizo, na lugha zao zilisikika. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Mwafrika alionekana katika picha, lakini hakuulizwa ni hadithi gani angependa kuisimulia. Aliitwa kucheza nafasi ya mjinga au nafasi ya mwerevu, na maana ya ujinga na ya werevu ilikuwa imeamuliwa na mwingine.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika. Katika hotuba yake ya Disemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi wetu tulijua dansi za kigeni kuliko ngoma zetu. Mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Kwa hiyo ulipofika mwaka 1985 swali la Vugiri lilikuwa tayari kuulizwa upya. Je, sasa hadithi ni ya nani?

Iliyotufaa kwanza: Arusi ya Mariamu

Jibu mojawapo lilikuwa picha ya dakika zipatazo 36 tu, iitwayo Arusi ya Mariamu. Waongozaji wake walikuwa wawili, Nangayoma Ng'oge wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani, na miongoni mwa waliocheza humo ni Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yasimulia habari za mke kijana anayeugua maradhi ambayo hospitali imeshindwa kuyatambua. Anashauriwa kwenda kwa mganga wa jadi, naye ana hofu ya zamani juu ya waganga. Kisa chote ni safari ya kuivuka hofu hiyo. Picha ilipelekwa Ouagadougou, katika tamasha la FESPACO la mwaka huo huo, ikarudi na tuzo.

Sisi tuliiona katika bwalo la chakula la shule, juu ya shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Mashine ilinguruma kama cherehani. Walikuwapo na akina mama wa kijiji cha jirani walioruhusiwa kuingia, wameketi mbele juu ya mikeka. Jambo la kwanza tulilolisikia halikuwa katika picha bali kwa mama mmoja wa makamo, aliyesema kwa sauti: "Mwacheni apumzike, mnamsumbua mgonjwa!" Alikuwa akimwambia Mariamu na watu wa nyumba yake. Hatukuwahi kumsikia mtu akizungumza hivyo na mchezaji wa picha ya kigeni. Kwa mgeni tulishangilia au tulizomea. Kwa Mariamu mama yule alitoa ushauri, kama mtu atoavyo ushauri kwa jirani.

Tuliopenda sayansi miongoni mwetu tulinung'unika. Tulisema kwamba picha ile inawarudisha watu kwenye ushirikina, na kwamba serikali inajenga zahanati ili wananchi waachane na mambo hayo. Mjadala uliendelea bwenini hadi taa zilipozimwa. Leo twaona kwamba mjadala ule ndio uliokuwa faida kubwa ya picha yenyewe. Haikutuambia tuichukie hospitali. Ilituonyesha mtu ambaye ugonjwa wake una historia, na tiba ambayo kwanza humwuliza mgonjwa wewe ni nani na umetoka wapi. Twaweza kukubali au kukataa, lakini ilikuwa hoja yetu, kwa lugha yetu, na pande zote mbili za hoja zilikuwa na watu wenye akili.

Iliyotufaa ya pili: Ran

Picha ya pili yatoka mbali, lakini yatuhusu. Mwaka 1985 Akira Kurosawa wa Japani, akiwa na umri wa miaka 75, alitoa picha iitwayo Ran, neno lenye maana ya ghasia au vurugu. Ndani yake amechukua kisa cha Mfalme Lear wa Shakespeare na kukitia katika nchi yake ya kale ya mabwana wa vita. Mabinti watatu wamekuwa wana watatu, Taro, Jiro na Saburo, na mfalme mzee amekuwa Bwana Hidetora, ambaye amejipatia milki kwa kumwaga damu na sasa ataka kuigawa kwa amani. Ngome yaungua, mzee atoka ndani ya moshi akiwa amepotewa na akili, na askari wa pande mbili wampisha njia. Tumetazama picha nyingi za vita, lakini hatujaona nyingine iliyotusikitisha hivyo.

Msomaji aweza kuuliza, jambo hili lina uhusiano gani na utamaduni wa taifa letu? Uhusiano upo. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, akatupa Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mzigo wowote. Kurosawa alikwenda hatua moja mbele. Hakutafsiri maneno tu, bali alikihamisha kisa chote, akakivika mavazi, dini na desturi za kwao, hata asiyemjua Shakespeare akaweza kukiona kuwa ni cha Kijapani. Hivyo ndivyo mtu mwenye nyumba yake anavyompokea mgeni. Humkaribisha, humpa kiti, lakini hamwachii funguo.

Iliyotuvunja moyo: King Solomon's Mines

Sasa twaja kwenye sehemu ambayo ni vigumu kuiandika. Kitabu cha H. Rider Haggard kilichapishwa mwaka 1885, na wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929. Baada ya miaka mia moja kamili, mwaka 1985, ilitolewa picha ya sinema yenye jina la kitabu hicho, iliyoongozwa na J. Lee Thompson. Ilipigwa nchini Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miaka mitano tu ya uhuru.

Humo mna mahali ambapo shujaa wa kizungu na mwanamke aliye naye wanatekwa na watu weusi walao watu, wakatiwa ndani ya chungu kikubwa kupita kiasi ili wapikwe. Tulipoiona picha hiyo katika jumba la sinema, tukiwa kidato cha tatu, tulicheka. Hatutalificha hilo. Tulicheka hadi machozi yakatutoka, tukapiga miguu sakafuni, na njiani kurudi shuleni tuliigiza mchezo ule wa chungu barabarani. Baadhi yetu walikuwa wazungu, wengine wapishi.

Jumatatu yake mwalimu wetu wa Kiswahili alisikia habari hizo. Hakutukemea. Alileta darasani nakala kuukuu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani kutoka maktaba, akauliza swali moja: "Katika chungu kile mlikuwa mkimcheka nani, aliyekuwa ndani au aliyewasha moto?" Tukanyamaza. Kila mmoja wetu alijua jibu, na hapakuwa na aliyetaka kulisema.

Kisha akatufanya tulinganishe. Haggard alikuwa mtumishi wa himaya. Alifanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Natal, na kitabu chake kina dharau zake. Hata hivyo Umbopa wa kitabuni, anayeingia safarini kama mtumishi, ana haiba ya kifalme tangu siku ya kwanza, na mwisho adhihirika kuwa ndiye Ignosi, mfalme halali wa nchi yake. Tena anapowaaga wageni anatangaza kwamba hatawapokea katika nchi yake wachuuzi wa bunduki na pombe kali. Maneno hayo yaliandikwa na mkoloni katika mwaka ule ule wa Berlin! Katika picha ya 1985 hatukuyasikia. Umbopa wa picha hiyo amefanywa zaidi kuwa mtu wa kuchekesha. Basi yule aliyeishi katika zama za kutawala alimpa Mwafrika neno moja la heshima, na aliyeishi katika zama za uhuru wetu akamnyang'anya. Tangu siku hiyo hatuamini tena kwamba wakati pekee, kwa kupita kwake, huwafanya watu kuwa waungwana.

Zilizosimama katikati

Picha mbili nyingine za mwaka ule hatuwezi kuzitupa wala kuzikumbatia. Ya kwanza ni Out of Africa, ya Sydney Pollack, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwezi Disemba. Imetokana na maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1931. Kwa ustadi, haina mfano. Ndege ndogo yaruka juu ya nyika, muziki wapanda nayo, na mtazamaji wa Afrika Mashariki hujikuta ameishika pumzi kwa uzuri wa nchi yake mwenyewe. Malick Bowens, mzaliwa wa Mali, amemcheza Farah kwa utulivu na heshima.

Lakini nchi hiyo nzuri, kwa sehemu kubwa ya picha, ni kama zulia lililotandikwa ili wapenzi wawili wa kizungu watembee juu yake. Wakikuyu wenye ardhi wapo pembeni. Mwishoni mwa kisa yule bibi apiga magoti mbele ya gavana mpya kuwaombea mahali pa kukaa, na mtazamaji amhurumia yeye aliyepiga magoti kuliko wale wanaokosa ardhi. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o alikwisha mkosoa Blixen kwa ukali katika kitabu chake cha kizuizini, kilichotoka mwaka 1981, yaani kabla picha haijapigwa. Sisi hatuna ukali wake wote, kwa sababu tunakiri kwamba tuliipenda picha hiyo. Twasema tu kwamba tuliipenda kama mtu apendavyo picha ya nyumba yao iliyopigwa na mpita njia. Amepata paa, amepata miti ya maua, lakini waliomo ndani hawakutokea.

Ya pili ni The Color Purple, ya Steven Spielberg, kutokana na riwaya ya Alice Walker ya mwaka 1982. Habari za Celie, mwanamke mweusi wa kusini mwa Marekani anayeteswa nyumbani na hatimaye akalipata neno lake, zilitutikisa. Whoopi Goldberg aweza kusema kwa macho jambo ambalo mwingine angelisema kwa kurasa kumi. Hapo swali letu la tatu lajibiwa vizuri: mnyonge ana jina, ana akili, ana neno. Lakini kisa kinapokuja Afrika, uzuri huo wapungua. Katika riwaya dada yake Celie anaishi Afrika Magharibi. Katika picha, mandhari ya Kenya ndiyo yaliyotumiwa. Kwa mtengenezaji wa mbali, Afrika ni moja, na nyika yoyote yatosha. Hata ndugu zetu waliochukuliwa utumwani, wanaposimuliwa na wengine, huletewa Afrika ambayo hawakutoka.

Usiku wa tuzo

Tarehe 24 Machi 1986 zilitolewa tuzo za Oscar huko Marekani. Out of Africa ilipata saba, pamoja na ile ya picha bora. The Color Purple ilikuwa imetajwa mara kumi na moja, isipate hata moja. Kurosawa alikuwa miongoni mwa waongozaji waliotajwa, akashindwa na Pollack. Ran ikapata tuzo ya mavazi, kazi ya Emi Wada. Arusi ya Mariamu haikuwa katika shindano hilo. Hatusemi kwamba waamuzi walikosa kwa makusudi. Kila mwenye mizani hupima kwa jiwe la kwao. Kosa lingekuwa letu kama tungelichukua jiwe hilo na kulifanya la pekee.

Hitimisho

Miaka mingi imepita tangu wakati huo. Kampuni ya Filamu Tanzania haipo tena, na majumba mengi ya sinema ya miji yetu yamekuwa maghala, makanisa au magofu. Lakini mbegu haikufa. Mulvihill, safari hii pamoja na Martin Mhando, alitengeneza Maangamizi, ambamo Amandina Lihamba alicheza tena, ikawa picha ya kwanza kuwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Tangu mwaka 1998 Zanzibar imekuwa na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi. Na mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, nayo ikapelekwa katika kinyang'anyiro kile kile. Katika picha hiyo Kiswahili hakikuwekwa kama kionjo cha kigeni. Ndicho kilichotumika kupenda, kugombana na kudai uhuru.

Kwa walimu tuna ombi moja. Wanafunzi wa leo hubeba sinema mfukoni, na hakuna atakayewazuia kutazama wala hakuna haja ya kuwazuia. Lakini waulizeni lile swali tuliloulizwa sisi. Wakicheka, wawaeleze wanamcheka nani. Wakilia, wawaeleze wanamlilia nani, na ni nani mwingine katika picha hiyo aliyestahili machozi wasimwone. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo aweza kutazama picha yoyote duniani asipotee.

Mwalimu wetu yule amekwisha fariki. Nakala ile kuukuu alimpa mmoja wetu tulipomaliza kidato cha nne, nayo bado tunayo. Hatukumbuki vizuri picha ya chungu ilivyomalizika. Twakumbuka kimya cha darasa.